Finje kwa Kila Pigo: Vile Vita vya Ukraine Vinamaliza Wasee wa Kulenga Sahani Uingereza

Leo tuweke mambo ya nani ameachana na nani kando kidogo. Kuna story ya doh nimekuwa nikiifuata, na inaanzia mahali hungetarajia: mashambani Uingereza, kwa wasee wamevaa gumboots na earmuffs, wanapiga risasi visahani vinavyopaa hewani.

Najua unajiuliza hiyo inanihusu na nini. Tulia. Kwa hii story kuna cutex ya sistako, kuna wanja wa mathee, kuna China, kuna mizinga ya Ukraine, na kuna kesi moja ya Mombasa ambayo kila mtoi wa Kenya anafaa kuijua. Zote zimekutana ndani ya kitu kidogo kama kidole gumba, kinaitwa katriji.

Kwanza rada ya mchezo wenyewe. Mashine inarusha kisahani kidogo, upana sentimita 11 hivi, uzito kama gramu 105, kinapita kama nganya imechelewa kuingia tao. Umesimama na shotigani begani. Ukisema "pull" kinatoka, na una kama sekunde moja ya kukipasua kabla kiende mbali. Wenyewe wanakiita klei, yaani udongo, lakini siku hizi ni chokaa na lami tu, udongo ulibaki kwa jina. Zamani zaidi walikuwa wanapiga njiwa wa ukweli, wakahamia mipira ya glasi, ndo wakafika kwa hizi sahani. Shotigani haitoi risasi moja. Inatoa mamia ya chembe ndogo, zile Waswahili wa Pwani walikuwa wanaita marisau, zinatawanyika kama njugu ikimwagika.

Na si mchezo wa kubahatisha. Ni Olimpiki, kuna trap na kuna skeet. Paris 2024 huu mchezo ndio uliwapea Guatemala dhahabu yao ya kwanza kabisa kwa historia ya Olimpiki. Ilibebwa na Adriana Ruano. Huyo manzi alikuwa gymnast, mgongo ukaumia, ndoto ya London 2012 ikaenda hivyo. Akashika shotigani. Rio 2016 alikuwa huko kama volunteer tu. Paris akapasua sahani 45 kwa 50 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Kwa hivyo nchi ndogo isiyo na jina kwa michezo inaweza kufika juu kwa hii kitu, na hiyo ndiyo sababu bei ya katriji inafaa kukusumbua hata kama hujawahi shika bunduki na huna mpango.

Sasa hesabu. Kabla ya korona, ukienda duka la bunduki Uingereza, katriji 1,000 za kawaida za klei ulikuwa unazipata kwa karibu pauni 200, na ukiwa mjanja hata chini ya hapo. Miaka mitatu minne baadaye, bei ikawa inachungulia 300, na zile za mashindano zikapita. Pauni 300 kwa 1,000 ni peni 30 kwa katriji moja. Geuza kwa shilingi: finje. Finje moja, kila ukivuta kidole.

Raundi moja ni sahani 25. Msee wa weekend anapiga sahani 100 hivi, anaenda home. Hiyo ni ngiri tano za katriji peke yake, na uwanja nao unalipisha sahani zake, kando. Alafu kwa trap ya Olimpiki, kwa raundi za kufuzu, unaruhusiwa kupiga kila sahani mara mbili. Ukikosa ya kwanza, unatuma ya pili. Kwa hivyo msee ambaye bado anajifunza, yule anakosa sana, ndiye anachoma doh mingi zaidi. Ona hiyo hesabu vizuri: ukiwa mnoma unatumia katriji chache, ukiwa mgeni unatumia mara mbili.

Cutex, wanja na risasi

Tufungue hiyo katriji tuone doh inaenda wapi. Nje ni plastiki na kitako cha chuma. Chini kuna kile kidude cha kuwasha moto. Alafu kuna baruti, kama gramu moja na nusu ama chini kidogo. Alafu kuna kizibo cha kutenganisha. Juu ndio mzigo wenyewe: gramu 24 za marisau, hicho ndicho kiwango cha mashindano ya kimataifa.

Tuanze na baruti. Baruti ya kisasa inatengenezwa na kitu inaitwa nitroselulosi. Unachukua zile nyuzi fupi fupi zinabaki zimeshika kwa mbegu ya pamba baada ya pamba kuchambuliwa, unazipitisha kwa asidi, na unapata kitu kinawaka ile mbaya. Hiyo hiyo nitroselulosi, ikitengenezwa kwa nguvu ya chini, ndiyo inafanya cutex ikauke na kung'aa kwa kucha. Ndiyo iko kwa vanishi ya meza. Usiogope, kucha za beste yako hazitalipuka. Ninachosema ni hii: wanaotengeneza rangi, wanaotengeneza cutex, wanaotengeneza katriji za michezo na wanaotengeneza makombora wote wanapiga foleni kwa mlango mmoja.

Na Februari 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, kuna msee mkubwa alikuja kusimama mbele ya hiyo foleni.

Chukua kombora moja la mzinga, lile la milimita 155 unaskia kwa news kila siku. Kulirusha mbali kunaweza kula baruti kilo 10 na zaidi. Gawanya na gramu moja nukta nne za katriji. Unapata kama katriji 7,000. Yule msee wetu wa weekend, akipiga sahani 100 kila Jumamosi bila kukosa hata moja ya mwaka, anafika 5,200. Yaani mzinga ukilia mara moja tu huko Donbas, umemaliza baruti ambayo ingempeleka huyo jamaa zaidi ya mwaka. Ni kweli baruti ya mzinga na ya shotigani hazichanganywi sawa, lakini zote zinaanza na nitroselulosi.

Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine makombora milioni moja ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, wakawa wamefika nusu hivi. Sababu moja ilikuwa hiyo: baruti haitoshi. Mkubwa wa Rheinmetall, ile kampuni ya silaha ya Ujerumani, Armin Papperger, alikuja akasema waziwazi kwamba Ulaya inategemea China kwa sehemu kubwa ya hizo nyuzi za pamba. Imagine. Unapigana vita ambayo China inaangalia kutoka pembeni, na baruti yako inaanzia kwa ghala la pamba la China. Kufika 2025 Rheinmetall wakanunua kampuni ya Hagedorn-NC, iliyokuwa ikitengeneza nitroselulosi ya matumizi ya viwanda vya kawaida kama vya rangi. Unajua ilinunuliwa iende kufanya nini, na si kupaka meza.

Upande wa Marekani ilikuwa hivyo hivyo. Mwisho wa 2023, Vista Outdoor, waliokuwa wanamiliki Federal na Remington, waliwaandikia wateja wao barua: watoa baruti wametuambia demand imepanda kupita kiasi na kuna uhaba unakuja, kwa hivyo kuanzia Januari 1, 2024 bei inapanda. Hakuna kuzunguka.

Haya, tupande juu kwa marisau. Kiswahili kina kitu hapa. Neno risasi kwetu ni ile kitu inatoka kwa bunduki, na pia ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yako ndani ya betri ya gari. (Na najua tangu Juni 2024 hilo neno halina mzaha mtaani. Hapa naongea madini.) Sasa cha kushangaza ni kwamba risasi, hayo madini, hayajapanda vile. Miaka yote hii bei yake imezunguka hapo kwa dola 2,000 kwa tani. Gramu 24 ni kama shilingi 6 za Kenya. Basi.

Ngori iko kwa antimoni. Risasi ikiwa peke yake ni laini sana, chembe zinabondeka zikipita kwa mtutu na zinaenda upande zinataka. Ndo zinachanganywa na antimoni kidogo zikaze. Antimoni ni ile ile watu wa kale walikuwa wanasaga kutengeneza wanja, ule wa manga, ulioletwa Pwani na majahazi. Kwa marisau magumu ya mashindano inaweza kufika asilimia 5, ambayo ni kama gramu moja nukta mbili kwa katriji.

China ndio wanachimba karibu nusu ya antimoni ya dunia. Septemba 2024 wakaanza kuweka vibali: ukitaka kuuza nje, omba ruhusa. Desemba mwaka huo wakafungia Marekani kabisa, maana Marekani nayo ilikuwa imewabana kwa mambo ya chip za kompyuta. Baadaye, Novemba 2025, wakaregeza kwa muda, lakini bei ilikuwa imeshaenda. Mwanzo wa 2024 tani moja ilikuwa karibu dola 12,000. Mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 40,000. Mwaka wa 2025 ikapita 50,000. Weka hiyo kwa katriji yako: antimoni iliyokuwa kama shilingi 2 ikawa karibu 8. Kitu asilimia 5 ya mzigo kikawa na bei kuliko ile asilimia 95 ingine. Ni kama kununua pilau uambiwe mchele ni mbao na iliki ni finje.

Na usisahau antimoni pia ni mali ya vita. Inaingia kwa risasi za jeshi, kwa vifaa vya kuona usiku, na kwa kemikali za kuzuia moto kushika. Kwa hivyo mara ya pili, ndani ya katriji moja, msee wa mchezo anajikuta kwa foleni nyuma ya majeshi.

Bei ya mvua

Kama ulikuwa Kenya 2022 hii movie umeshaiona. Vita vikaanza mbali, na sisi tukashtuka unga wa kilo mbili umepita mia mbili. Ilibidi serikali ya Uhuru iteremshe mpaka soo moja mwezi wa Julai, wiki chache kabla ya kura, na hiyo soo ilidumu vile vitu vya kabla ya kura hudumu. Hakuna mtu Umoja ama Kayole alikuwa na beef na Urusi. Bei haikuuliza.

Lakini tusiwapee wenye viwanda pass ya bure. Unajua vile fare ya mat inapanda mvua ikianza kunyesha? Mvua ikiisha, makanga anasahau kushusha. Ni kweli baruti imepanda, antimoni imepanda, stima ya viwanda Ulaya ilipanda, usafiri ulipanda wakati wa korona. Sawa. Lakini pia angalia nani ananunua nani. Czechoslovak Group, kampuni ya Ucheki inayotengeneza makombora makubwa na imeuzia Ukraine mengi, ilichukua asilimia kubwa ya Fiocchi ya Italia mwaka wa 2022. Fiocchi ni jina kubwa kwa katriji za michezo. Alafu Novemba 2024 wakamaliza kununua ile biashara ya Vista yenye Federal na Remington, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Kwa hivyo sasa meza moja inaamua baruti iende kwa mzinga ama iende kwa klei. Sisemi kuna njama. Nasema ungekuwa wewe, una gunia moja la baruti, mkono mmoja kuna serikali na mkataba wa miaka kumi, mkono mwingine kuna mzae wa Norfolk anataka boksi nne za Jumamosi, ungeuzia nani kwanza?

Ndo maana wanaongojea bei irudi ya 2019 naona wanajidanganya. Hata Ukraine ikipata amani kesho asubuhi, maghala ya Ulaya ni matupu na lazima yajazwe. Juni 2025 nchi za NATO zilikubaliana huko The Hague kwamba kufika 2035 zitatumia asilimia 5 ya uchumi wao kwa ulinzi. Rheinmetall wamefungua kiwanda Unterlüß, Ujerumani, wanalenga makombora 350,000 kwa mwaka kufika 2027. Hayo makombora yatakula baruti vita viwepo visiwepo.

Na juu ya hayo yote, serikali ya Uingereza imeongeza zake. Februari 2025, cheti cha kumiliki shotigani kwa mara ya kwanza kilitoka pauni 79.50 kikaenda 194. Hiyo ni kama ngiri 33 kabla hujanunua bunduki, kabla hujanunua hata katriji moja.

Risasi yenyewe inatoka

Hapa ndo mambo yanakuwa na chumvi. Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza inapiga marufuku marisau ya risasi, na wapigaji watapewa miaka 3 ya kubadilika. Sababu ni sumu. Ndege wa majini wanameza zile chembe wakidhani ni vijiwe vya kusaidia tumbo kusaga chakula, na wanakufa, makumi ya maelfu kila mwaka. Zingine zinabaki kwa mchanga, miaka nenda miaka rudi, Jumamosi baada ya Jumamosi, gramu 24 kwa 24.

Mimi niko upande wa hiyo marufuku, na si kwa sababu ya bata. Ni kwa sababu ya Owino Uhuru. Kama hujui hiyo story, ni mtaa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Madini ni yale yale, risasi. Iliingia kwa hewa, kwa maji, kwa damu ya watoto. Phyllis Omido, ambaye alikuwa ameajiriwa hapo na mtoto wake mwenyewe akaugua, alipigana mpaka kiwanda kikafungwa, na akashinda Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 korti Mombasa iliwapa wakaaji shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikavuruga, mpaka Mahakama ya Juu ikarudisha ile hukumu Desemba 2024. Kwa hivyo mtu asikwambie risasi kwa mchanga ni kitu ya kuzoea. Sisi tunajua inafanya nini.

Na kuna utamu hapa ambao wapigaji wengi hawataki kuskia: marisau ya chuma hayahitaji risasi wala antimoni. China ifunge isifunge, chuma kipo. Denmark walitoa marisau ya risasi huko 1996 na wawindaji wao bado wako. Chuma ni chepesi kidogo kwa hivyo mbali haipigi vile vile, bunduki zingine za kurithi kwa babu hazikiwezi, na kinahitaji kizibo kigumu kisichochubua mtutu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa plastiki, na viwanja vingi havitaki plastiki kwa shamba. Vile vya kuoza vipo, lakini ongeza doh. Na baruti haujaitoroka. Bado ni ile foleni.

Sasa kinachonikera ni exemption. Kwa hiyo mipango ya Uingereza, wanariadha wa kiwango cha juu wa Olimpiki wataruhusiwa kuendelea na risasi, kwa utaratibu maalum, kwa sababu huko kwa mashindano ya dunia risasi ndiyo inatumika. Ukiskia hivyo haraka inaonekana ni poa. Nathan Hales alishinda dhahabu ya trap Paris na sahani 48 kwa 50, lazima umlinde mtu kama huyo. Lakini fikiria vizuri. Hakuna mtu anazaliwa akiwa wa kiwango cha juu. Wanatoka kwa klabu za kijijini, kwa mtoto wa fundi aliyeletwa na mjomba Jumamosi. Huyo mtoto atajifunza na chuma, alafu siku ataitwa kwa timu ndo atapewa risasi, aanze kuzoea upya jinsi inavyopiga. Ama mzae wake awe na doh ya kumsukuma haraka mpaka awe ndani ya ile orodha ya watu wanaruhusiwa. Orodha inalinda waliofika, na bei inachuja wanaokuja. Hizo mbili zikikutana, huu mchezo utabaki wa watoto wa masonko. Kule Uingereza mpaka majuzi haukuwa hivyo. Kuna wenye mashamba makubwa na suti za manyoya, ndio, lakini klabu nyingi ni za mafundi, madereva wa lori, wafanyikazi wa shamba. Hao ndio peni 30 inawauma. Mwenye ngome haskii kitu.

Na hiyo ndiyo tofauti ya michezo mimi naona kila Olimpiki ikifika. Barabara ya Iten haikulipishi kila hatua. Ukikimbia kilomita 30 asubuhi, umetumia viatu kidogo na chai ya asubuhi. Ndo maana mtoto asiye na kitu anaweza kutoka huko akapiga dunia. Mpira, unahitaji mmoja kwa wachezaji ishirini na mbili, na tukikosa tunafunga juala na kamba. Lakini trap inataka finje kila ukijaribu, na kujaribu ndio mazoezi yenyewe. Wa kiwango cha juu wanapiga makumi ya maelfu kwa mwaka. Chukua 20,000 tu, zidisha na finje. Ni milioni moja ya Kenya. Na bado hujanunua bunduki, hujalipa sahani, hujalipa kocha wala ndege ya kwenda mashindano.

Hiyo milioni nimehesabu na bei ya Uingereza, nchi yenye viwanda vyake vya katriji. Huku kwetu mchezo uko, viwanja viko, lakini sheria inasema bila cheti kutoka Firearms Licensing Board huruhusiwi kuwa na bunduki wala hata katriji moja mfukoni. Sipingi hiyo sheria, kwa nchi yetu naielewa kabisa. Ila inamaanisha mlango wa kwanza ni makaratasi na wa pili ni doh, na wale wamevuka yote mawili unaweza kukisia wanaishi upande gani wa Nairobi. Kwa hivyo ukisikia mtu anauliza mbona Guatemala wana dhahabu ya shotigani na Kenya hatuna hata mtu wa kutazama kwa TV, usikimbilie kusema hatuna talent. Mwonyeshe ile milioni.

Kwa sasa wasee wa Uingereza wanajipanga vile watu hujipanga bei ikigoma kushuka. Klabu zinanunua katriji kwa pamoja, mzigo mkubwa, wanagawana, kama chama ya mtaa inanunua mafuta ya kupika jumla. Wengine wameshuka kutoka gramu 28 mpaka 24, wengine hata 21, na wanasema bega linashukuru pia. Wengine wamepunguza sahani, walikuwa wanapiga 100 sasa wanapiga 50 na kukaa sana kwa chai. Kuna hata za kompyuta, unalenga ukutani kwa ukumbi bila kuchoma baruti, lakini hiyo ni kama kucheza FIFA useme uko kwa ligi.

Kama uko na cousin huko na utapata visa, jaribu siku moja. Kuna viwanja vilivyoidhinishwa na polisi ambapo mgeni anaruhusiwa kupiga bila cheti chake mwenyewe, akiwa na mwalimu pembeni. Watakupea earmuffs, watakuonyesha vile unaweka shavu kwa kitako cha bunduki, alafu watakuwekea boksi ya katriji 25 mezani. Uliza ni how much kabla ufungue.